Nguruwe kwenye Meza ya Mahmudu

Amisa ni binti wa mchinjaji wa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, na hajawahi kuliona hilo kuwa jambo la kufichwa. Shuleni walimwita "binti utumbo". Alipokwenda Gitega kusomea kemia, mwenzake mmoja alimuuliza kama anataka kujua kisu cha baba yake kimeundwa na nini. Amisa akamjibu kwamba kisu anakijua, anachotaka kujua ni kichwa cha muulizaji kimeundwa na nini. Ulimi huo aliurithi kwa mama yake, Mungu amrehemu, na ndiyo maana mpaka leo hakuna anayemtania mara mbili.

Sasa anakaa Musinzira, mtaa wa hukohuko Gitega, katika nyumba ndogo yenye mgomba mmoja uani, na kila asubuhi anakwenda kwa miguu hadi maabara ambako kazi yake ni kutengeneza utando. Ukimwambia kwamba utando ni kazi ya buibui, atanuna. Utando wake hauonekani kwa macho. Anachukua kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu, dhahabu nyembamba kiasi kwamba ukiikwangua kwa kucha imekwisha, anakizamisha katika dawa na kukiacha kilale humo. Asubuhi molekuli za ile dawa zimeishika dhahabu kwa mguu mmoja na kusimama wima, bega kwa bega, kama waumini katika safu ya swala. Unene wa utando wote ni urefu wa molekuli moja. Hakuna nafasi ya mwingine kujipenyeza katikati.

Juu ya safu hiyo Amisa hupandikiza nyuzi fupi za DNA. Nyuzi hizo ni nusu. Nusu nyingine iko kwa mnyama. Ukitaka kujua kama nyama ina nguruwe, unakata kipande, unakipondaponda na kukitia katika kichupa chenye dawa, na kichupa unakipasha moto ndani ya kasha. Humo DNA ya nguruwe, kama ipo, huzaana hata kama iliingia chembe tu. Kisha tone moja linawekwa juu ya dhahabu. Nyuzi zikimpata mwenzao zinashikana naye, umeme unaopita katika dhahabu unabadilika, na taa nyekundu inawaka. Zisipompata, taa haiwaki. Ndivyo alivyokuwa akiwaeleza wageni wa maabara, na alikuwa akieleza kwa majivuno, maana kitu hicho alikitengeneza kwa mikono yake.

Mwaka huo uvumi ulizagaa kwamba nyama ya kusaga inayouzwa masokoni imechanganywa na ya nguruwe. Waislamu wakaanza kuila kwa mashaka. Daktari Venansi, mkuu wa maabara, akaona hapo ndipo mahali pa kukionyesha kipimo, akauliza waanzie soko gani. Amisa ndiye aliyesema Muyinga. Baba yake, Mahmudu, alikuwa na meza pale tangu yeye hajazaliwa, na Amisa alitaka nchi nzima ione nyama safi inavyofanana.

Basi wakamtuma Elikana, kibarua wao wa kuchukua sampuli. Huyu ni kijana wa watu, mkulima wa Mutaho aliyekulia Tanzania pamoja na wazazi wake wakimbizi, mwenye Kiswahili laini na adabu nyingi. Alikwenda Muyinga na kasha lake, akapima meza baada ya meza, huku wajumbe wa kamati ya soko wakimfuata nyuma. Kwenye meza ya Mahmudu taa nyekundu ikawaka.

Sasa sikiliza walivyofanya, maana hapa ndipo damu ya mtu inapochemka. Hawakumwita mzee pembeni wala hawakupima mara ya pili. Mjumbe mmoja alishika kipaza sauti cha soko, kile kinachotangaza mbuzi waliopotea, akatangaza kwamba kwa Mahmudu imepatikana nguruwe. Kabla jua halijageuka, mwanamke mmoja alishafika na sufuria, akamwaga mchuzi wa nyama mbele ya meza yake. Mtu aliyewalisha katika harusi zao na matanga yao, aliyewapa maini wagonjwa wao bila kuulizwa, alisimama pale na aproni yake, na mchuzi ukamlowesha viatu.

Mzee Shabani, muuza vitenge, ndiye aliyempiga pigo kubwa zaidi. Alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi inayofuata na alishaagiza ng'ombe mzima kwa Mahmudu. Alikuja akasema mbele za watu kwamba anavunja agizo. Shabani ni mkubwa msikitini. Akivunja yeye, nani abaki?

Amisa alipopata habari alimpigia baba yake simu.

"Papa, iko kweli?"

"Kweli gani?" Sauti ya Mahmudu ilikuwa kavu. "Eti mi nauza nguruwe? We ndo uniambie. Iyo kipimo si iko ya kwenu?"

Akakata simu. Amisa alibaki amekishika kile kidude sikioni, uso umemwiva kwa haya na hasira, asijue amkasirikie nani kwanza.

Alianza na Daktari Venansi. Alimkuta ofisini akiandika ripoti, akamwambia anataka kupima upya nyama ya Muyinga.

"Mademoiselle Amisa," alisema Venansi kwa upole wa mtu asiyeumwa popote, "kipimo hakina undugu. Ukirudia kwa baba yako, watu watasema nini? Bon, tungoje awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Mwakani, pesa zikipatikana."

"Na mpaka mwakani baba yangu awe nani?"

Venansi alikunja uso kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo la kitaalamu. Na kweli, kwake halikuwa la kitaalamu. Baba si wake, viatu vilivyolowa si vyake.

Amisa akarudi kwenye meza yake ya kazi, akatoa vipande vilivyobaki vya fungu lilelile alilokwenda nalo Elikana. Aliweka tone la ng'ombe, taa haikuwaka. La mbuzi, haikuwaka. La nguruwe, ikawaka nyekundu. Akarudia mpaka dawa ikakaribia kumwishia. Utando wake ulikuwa mzima na ulisema kweli. Na hapo hakufurahi, maana kama kipimo hakikusema uongo, basi aliyesema uongo ni nani? Mchana ule wote alimshuku baba yake. Alikumbuka jinsi bei ya ng'ombe ilivyopanda, akakumbuka kwamba mzee sasa anazeeka na macho hayaoni vizuri. Alimpima baba yake kichwani kama wale wa sokoni walivyompima, na hilo hajajisamehe mpaka leo.

Kilichomwokoa ni ukaidi wake. Alimwita Elikana uani, chini ya paa la kuegeshea baiskeli, akamwambia, "Fanya kila kitu kama ulivyofanya kule. Mimi ndiye Papa. Njoo kwenye meza yangu."

Elikana akavaa glavu, akachukua kasha, akaja. Alipomfikia, aliweka kasha chini, akavua glavu ya mkono wa kulia na kumpa mkono, huku ameshika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, kama inavyotakiwa kwa mtu mzima. Kisha akaivuta ile glavu na kuivaa tena.

"Umefanya nini hapo?" aliuliza Amisa.

"Nimekusalimia, dada."

"Umevua glavu."

"Nimsalimie mtu mzima kwa plastiki? Kwani ana ukoma?" Elikana alishangaa kweli. "Na kule sokoni usipomsalimu mtu hakupi hata mfupa."

"Kabla ya kufika kwa Papa ulimsalimia nani?"

Elikana akafikiri. "Wote. Wa mwisho kabla ya baba ni yule mzee wa akabenzi, anayeuza nguruwe, Leonardi. Alikuwa anakatakata nguruwe, mikono ina mafuta, kwa hiyo akanipa kifundo cha mkono, nikakishika. Halafu nikavaa glavu nikaenda kwa baba." Akaitazama mikono yake: vidole vilivyokishika kifundo ndivyo vilivyoigusa glavu kwa nje. "Lakini dada, wewe mwenyewe ulinipigia simu siku ile asubuhi. Ulisema baba yako ni mtu wa salamu, nisije nikampa glavu akanuna."

Ni kweli, alisema. Alisema akicheka, kwa raha ya kumtambulisha baba yake. Amisa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliikasirikia ile karatasi ya maelekezo iliyotoka ng'ambo, inayosema "vaa glavu" na kuishia hapo, kama kwamba nyama huuzwa na mashine. Aliikasirikia kamati na kipaza sauti chake. Lakini ndani kabisa alijijua: mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili alilichuma yeye kwa mdomo wake.

Alirudi kwa Venansi mbio na kumweleza. Venansi alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Tutaandika mahali fulani ndani ya ripoti kwamba kulikuwa na tatizo la uchukuaji wa sampuli."

"Watu wa Muyinga hawasomi ripoti. Walitangaziwa kwa kipaza sauti."

"Ukienda kutangaza kwamba tulikosea, nani atakiamini kipimo tena? Mradi utakufa."

"Acha ufe basi," alisema Amisa. "Baba yangu ametangulia."

Kesho yake, kabla ya watu kufika kazini, yeye na Elikana walichukua kasha na vipande vya dhahabu, wakapanda Probox ya Muyinga kupitia Karusi. Simu ya Venansi iliita njiani mpaka ikachoka.

Walimkuta Mahmudu amekaa nyuma ya meza yake na paja moja la mbuzi, akifukuza nzi ambao ndio wateja pekee aliokuwa nao. Alikuwa amekonda usoni. Aliitikia salamu ya binti yake, kisha akalitazama kasha.

"Iyo kitu usiweke kwa meza yangu."

"Papa, tulikosea sisi. Mi nilikosea. Niache nipime mbele ya watu."

"Watu wameshapima." Lakini alisogea kando, maana ni baba.

Soko halina siri. Kasha lilipofunguliwa tu watu walijaa, na Mzee Shabani akaja mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi. Mara hii Elikana hakumsalimia mtu. Alikata kipande cha mbuzi kwa kisu kipya na glavu mpya, na watu wakaguna kwamba siku hizi watoto wa Gitega hawana hata salamu. Wakangoja kichupa kipate moto. Tone likawekwa juu ya dhahabu. Taa haikuwaka.

Shabani akacheka kwa pua. "Juzi ilisema nguruwe iko, leo inasema haiko. Kesho itasema nini, iko ngamia? Mwenye amekuja kuipima si mtoto yake?"

Watu wakacheka. Uongo walikuwa wameumeza mzima bila maji, na sasa ukweli waliutaka utafunwe kwanza. Amisa alianza kueleza habari za glavu na salamu ya Leonardi, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazamana, mpaka mtu mmoja akapasua njia kutoka mwisho wa soko, anajifuta mikono kwenye gunia. Alikuwa Leonardi, muuza akabenzi.

"Mi nimesikia jina langu," alisema. "Kama iko mkono yangu, pimeni mkono yangu. Mahmudu asife juu yangu."

Akanyoosha mkono. Elikana alikifuta kifundo kwa pamba, pamba ikatiwa katika kichupa. Taa ikawaka nyekundu, na hilo halikumshangaza mtu. Kisha Elikana akavua glavu, akamsalimia Leonardi kama siku ile, akaivaa tena, akashika kipande kilekile cha mbuzi. Wakapima. Nyekundu. Kicheko kikakatika.

Angeweza kuishia hapo. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Amisa alikuwa na hasira ya siku kadhaa, na alimwona Shabani bado amesimama na kidevu juu.

"Mzee Shabani, nipe mkono yako tupime."

"Mi? Mi sijagusa nguruwe tangu kuzaliwa."

"Basi unaogopa nini?"

Watu walikuwa wanamtazama, asingeweza kukataa. Akatoa mkono. Taa ikawaka.

Shabani aliutazama mkono wake kama kwamba ni wa mtu mwingine. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alipokuwa akifungua duka lake la vitenge, alikuwa amesalimiana na Leonardi. Nani asiyesalimiana na Leonardi? Upepo ulipoezua paa la duka hilohilo, Leonardi ndiye aliyepanda juu na nyundo. Mama yake Mahmudu alipofariki, Leonardi alichimba kaburi pamoja nao, akasimama mbali wakati wa dua, akarudi kufukia.

Amisa aliona ushindi wake, akaufurahia kwa muda mfupi sana. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kumbe ni huyu anatuchafulia mikono." Mwingine akauingiza mkono wake mfukoni. Mwanamke mmoja akaushika mkono wa mwanawe akamvuta. Ilienea kama moshi, mikono ikipotea mmoja mmoja ndani ya kanzu na kanga na mifuko. Leonardi alikuwa hajaelewa bado. Alimgeukia Shabani, aliyekuwa karibu naye zaidi, akampa kifundo cha mkono, akitabasamu, kwa furaha kwamba jirani yao ameokoka. Shabani akarudi nyuma hatua moja na kuuficha mkono wake mgongoni.

Mkono wa Leonardi ukabaki hewani. Alianza kuushusha polepole, huku akiwatazama watu usoni, mmoja baada ya mwingine.

Hapo Amisa alitamani kulipiga kasha teke. Alikuwa amemtoa baba yake matopeni na kumkanyagia humo mtu mwingine, tena yule aliyekuja kumsaidia. Na hao wenye mikono mifukoni hakuna hata mmoja aliyesema "tusamehe, Mahmudu". Walikuwa tayari na mtu mpya wa kumchukia, na hilo liliwatosha.

Shabani alikohoa. "Bon, Mahmudu. Sasa imejulikana. Ile ng'ombe ya harusi iko vilevile. Jumamosi."

Mahmudu alizunguka meza yake, akapita katikati ya watu mpaka alipo Leonardi, akaushika ule mkono uliokuwa unashuka, mkono mzima wenye mafuta, kwa mikono yake miwili. "Amahoro, Leonardi," alisema. "Amahoro," alijibu Leonardi.

Kisha Mahmudu akaenda kwenye ndoo yake na kuosha mbele yao wote. Sheria anaijua kila mtoto wa madrasa: maji mara saba, na mojawapo kwa udongo. Aliosha bila pupa. Alipomaliza, alisimama nyuma ya meza na hakukishika kisu.

"Mi niko namusalimia Leonardi kila asubuhi," alimwambia Shabani. "Halafu naosha, halafu nakata nyama yenu. Maji iko, udongo iko, kazi yake ndo iyo. Lakini mutu nikimuacha na mkono hewani, iyo nitaoshea na nini?"

Shabani akaitazama ndoo.

"Unataka ng'ombe ya harusi? Nenda kwanza umupe mkono yenye umemunyima. Hutaki, katafute mchinjaji mwingine. Mi nimeshazoea kukaa na nzi."

Amisa alimtazama baba yake kwa hofu. Harusi ile ndiyo ingelirudisha jina lake mjini kote; angeipoteza, uvumi ungebaki nusu hai mpaka kaburini. Mahmudu alilijua hilo kuliko yeye. Alikuwa ameegemeza ngumi zake mezani, zimelowa maji, akingoja kama mtu asiye na kazi nyingine siku ile.

Shabani alitazama kushoto na kulia, akitafuta wa kumuunga mkono, na wenye mikono mifukoni wakatazama chini. Mwishowe akaikunja mikono ya kanzu yake mpaka kwenye viwiko. Akaenda. Leonardi, kwa adabu ileile, alimpa kifundo cha mkono, na Shabani akakishika, akakiachia, akageuka uso umejaa jasho, huku mkono wake ameuweka mbali na kanzu yake nyeupe.

"Amisa," alisema Mahmudu, akichukua kisu, "muletee mzee maji na udongo."

Amisa alileta. Alimmiminia mwenyewe, palepale katikati ya soko walipomtangaza baba yake, na hakuwa na haraka.